Jacques Plante na Elimu ya Kulinda Lango

Katika historia ya mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, jina la Jacques Plante, Mkanada aliyezaliwa mkoani Quebec tarehe 17 Januari 1929, hutajwa zaidi kwa sababu ya barakoa, kwa kuwa yeye ndiye kipa aliyeifanya iwe vazi la kawaida la kila mlinda lango wa mchezo huo. Sifa hiyo ni haki yake, lakini imeifunika sifa nyingine ambayo, ikipimwa kwa yale yaliyobaki baada yake, ni kubwa zaidi: Plante alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuichukulia kazi ya kipa kuwa elimu inayoweza kuchunguzwa, kuandikwa na kufundishwa, na alianza kuifundisha muda mrefu kabla ya kustaafu uchezaji.

Mchezo wenyewe huchezwa na watu sita kila upande, mmoja wao akiwa kipa, katika vipindi vitatu vya dakika 20 kila kimoja, juu ya sakafu ya barafu iliyozungushiwa ukuta mfupi. Msomaji aliyewahi kufika kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari jijini Nairobi, ambako klabu ya Ice Lions imekuwa ikifanya mazoezi, atakuwa ameona jinsi wachezaji wanavyoteleza kwa viatu vyenye bapa la chuma chini ya nyayo, huku wakigombea kwa magongo yao kisahani cha mpira mgumu kiitwacho paki, chenye kipenyo cha sentimita 7.6 na uzito wa takriban gramu 170. Lango lina upana wa meta 1.83 na kimo cha meta 1.22 tu, lakini udogo huo haupaswi kumdanganya mtu, kwa sababu paki iliyopigwa na mshambuliaji hodari huweza kupita kasi ya kilomita 160 kwa saa, na ikipigwa kutoka umbali wa meta chache kipa hana nafasi ya kuitazama kwanza ndipo aamue. Hulazimika kujua mapema itakapopita, na ujuzi huo wa mapema ndio Plante alioutafuta maisha yake yote.

Alikulia Shawinigan Falls, mji wa viwanda ulio kando ya mto, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto 11 katika nyumba ambayo kipato chake kilikuwa cha kuungaunga. Alikuwa na pumu, na kwa kuwa kifua hakikumruhusu kuteleza kwa muda mrefu kama wenzake, alijikuta langoni, mahali ambapo mchezaji hutakiwa kuwa tayari kila wakati bila kukimbizana na wengine uwanja mzima. Gongo lake la kwanza lilichongwa na baba yake kutokana na mzizi wa mti, na ngao zake za kwanza za miguu zilikuwa magunia ya viazi yaliyoshindiliwa na kuimarishwa kwa vipande vya mbao. Kwa mama yake alijifunza kufuma, akawa anajifumia mwenyewe kofia za sufu, tabia aliyoendelea nayo hata alipokuwa mchezaji maarufu na ambayo iliwashangaza makocha waliodhani kwamba mwanamume wa michezo hapaswi kushika sindano za kufumia. Alipokuwa kijana aliichezea timu ya kiwanda alichofanyia kazi baba yake, na alipobaini kwamba wenzake walikuwa wakilipwa kwa kuwa ni waajiriwa, naye akadai malipo, akapewa senti 50 kwa kila mchezo. Hayo yote yanaonyesha namna ya mtu aliyekuwa: asiyeona haya kudai haki yake, na asiyebadili jambo aliloliona kuwa sawa kwa kuogopa maneno ya watu.

Ugunduzi wake mkubwa wa kwanza ulizaliwa na shida. Mwaka 1947 alijiunga na klabu ya vijana ya Citadelles katika jiji la Quebec, na huko aliwakuta mabeki dhaifu mno, mmoja asiyeweza kuteleza kinyumenyume na mwingine asiyeweza kugeuka vizuri upande mmoja, kiasi kwamba kila paki iliyoingia nyuma ya lango ilikuwa hatari. Desturi ya wakati ule ilimtaka kipa abaki palepale langoni na kungoja, lakini Plante akaanza kutoka, akaifuata paki nyuma ya lango, akaituliza kwa gongo lake na kuwapasia mabeki kabla wapinzani hawajafika. Watazamaji walidhani ni kiherehere, na viongozi wa klabu waliona ni hatari tupu, ilhali yeye alikuwa amefanya hesabu rahisi kwamba sekunde mbili alizoziokoa ziliiondolea timu yake shambulizi zima. Baadaye aliongeza jambo jingine: aliinua mkono ili kuwaashiria mabeki kwamba wapinzani wamevunja sheria inayokataza kuipiga paki kutoka nusu yao wenyewe mpaka ivuke mstari wa lango la upande wa pili, kwa kuwa yeye alikuwa akiutazama mchezo wote ukiwa mbele yake, na beki anayekimbilia paki huku akiupa uwanja mgongo hawezi kuona hayo. Leo kipa asiyejua kuchezea paki kwa gongo lake hupata taabu kuajiriwa katika ngazi ya juu.

Ligi kuu ya mchezo huu, inayojulikana kwa kifupi kuwa NHL, hukutanisha klabu za Kanada na Marekani, na bingwa wake hutwaa Kombe la Stanley. Plante aliingia humo kupitia klabu ya Montreal Canadiens katika msimu wa 1952–53. Alikuwa amecheza michezo mitatu tu ya ligi pale kocha Dick Irvin alipomwamini katika nusu fainali dhidi ya Chicago, Montreal ikiwa nyuma kwa michezo mitatu kwa miwili na ikihitaji ushindi wa kufa na kupona. Kijana huyo aliumaliza mchezo huo bila kuruhusu bao, Montreal ikapita, kisha ikachukua kombe. Kuanzia mwaka 1956 hadi 1960 klabu hiyo ilitwaa Kombe la Stanley mara tano mfululizo, jambo ambalo hakuna klabu nyingine iliyowahi kulifanya, na katika miaka yote mitano tuzo ya Vezina, ambayo wakati huo ilikwenda kwa kipa wa timu iliyofungwa mabao machache kuliko zote, ilikuwa ya Plante. Mwaka 1962 alipewa pia tuzo ya Hart, inayotolewa kwa mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi kwa timu yake, heshima ambayo makipa huipata kwa nadra sana.

Nyuma ya mafanikio hayo kulikuwa na kazi isiyoonekana. Plante aliandika kumbukumbu za timu na wachezaji aliokabiliana nao, na alikuwa na jicho la fundi seremala kwa vipimo vya mahali pake pa kazi. Kuna wakati alilalamika kwamba malango ya baadhi ya viwanja hayakuwa ya kimo kinachotakiwa, kwa hoja kwamba akijiweka kwenye mkao wake wa kawaida, mtambaa wa panya ulimgusa mgongoni mahali tofauti na alipopazoea Montreal. Wengi walimwona mtu wa visingizio. Malango yakapimwa, na vipimo vikaonyesha kwamba mgongo wake ulikuwa umesema kweli. Mtu anayeujua mwamba wa lango kwa mgongo, bila kugeuka, amekwisha kuifanya kazi yake kuwa somo.

Habari ya barakoa inahitaji kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu mara nyingi husimuliwa kana kwamba ilikuwa wazo la usiku mmoja. Plante hakuwa wa kwanza kabisa kufunika uso: mwaka 1927 Elizabeth Graham, kipa wa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Queen's, alivaa barakoa ya mchezo wa vitara, na mwaka 1930 Clint Benedict alivaa ya ngozi kwa muda mfupi katika NHL baada ya kuumizwa usoni. Lakini barakoa hizo hazikudumu, na imani iliyotawala ilikuwa kwamba kipa anayejifunika uso haoni vizuri na, baya zaidi, kwamba ni mwoga. Plante, ambaye alikuwa amevunjika mifupa ya uso zaidi ya mara moja, alikuwa tayari akivaa kinga mazoezini katika miaka ya 1950, na Bill Burchmore, mfanyakazi wa kampuni iliyotengeneza bidhaa za nyuzi za kioo, akamtengenezea barakoa nyembamba iliyotokana na umbo la uso wake mwenyewe. Kocha Toe Blake alimruhusu kuivaa mazoezini tu.

Tarehe 1 Novemba 1959, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, dakika chache baada ya mchezo kuanza, paki iliyopigwa na Andy Bathgate ilimchana Plante usoni. Alipelekwa chumbani, akashonwa, kisha akamwambia kocha wake kwamba hatarudi langoni bila barakoa. Ili kuelewa uzito wa kauli hiyo, ni lazima ikumbukwe kwamba wakati huo timu haikuwa na kipa wa akiba aliyevaa jezi, hivyo Blake alikuwa na njia mbili tu, kukubali au kumweka langoni mtu asiye na hadhi ya mchezo huo. Alikubali. Montreal ilishinda 3–1, na kipa wake akiwa ndani ya barakoa ikaendelea na mfululizo wa michezo 18 bila kushindwa. Tarehe 8 Machi 1960, kwa ombi la kocha, Plante alicheza bila barakoa dhidi ya Detroit, timu ikafungwa 3–0, na mchezo uliofuata akaivaa tena moja kwa moja. Msimu huo Montreal ilishinda michezo yote minane ya mtoano na kuchukua kombe. Kipa wa mwisho kucheza NHL uso wazi alikuwa Andy Brown, katika msimu wa 1973–74, maana yake ni kwamba miaka 15 ilitosha kuifuta imani iliyokuwa imewavunja taya na pua watu wa vizazi viwili.

Mwaka 1963 Montreal ilimpeleka New York Rangers, ambako mambo hayakumwendea vizuri, na mwaka 1965 akatangaza kustaafu. Mnamo Desemba mwaka huohuo aliombwa kulinda lango la timu ya vijana ya Montreal dhidi ya timu ya taifa ya Urusi ya Kisovieti, iliyokuwa bora duniani kwa upande wa wachezaji wa ridhaa, naye akaiongoza timu hiyo kushinda 2–1. Mwaka 1968, akikaribia umri wa miaka 40, alirudi katika NHL na klabu mpya ya St. Louis Blues, akagawana lango na Glenn Hall, kipa mwingine mkongwe aliyewahi kucheza michezo 502 mfululizo bila kukosa na ambaye alitapika kabla ya michezo kwa ajili ya woga wa kazi. Wawili hao walitwaa tuzo ya Vezina pamoja mwaka 1969. Mwaka uliofuata, katika mchezo wa kwanza wa fainali dhidi ya Boston, paki iliyopigwa na Fred Stanfield iliguswa njiani na Phil Esposito, ikabadili mwelekeo na kumpata Plante kwenye paji la uso kwa nguvu iliyoipasua barakoa. Alipoteza fahamu na kukimbizwa hospitali, na ilionekana wazi kwamba bila barakoa hiyo pigo lingemuua. Mwaka huohuo alianzisha kampuni yake ya kutengeneza barakoa.

Ukocha wake halisi ulianza akiwa bado mchezaji, katika klabu ya Toronto Maple Leafs. Mapema mwaka 1971 klabu hiyo ilimpata Bernie Parent, kipa kijana mzaliwa wa Montreal aliyekuwa na kipaji kikubwa lakini asiyejua kwa nini siku nyingine anadaka kila kitu na siku nyingine anafungwa mabao ya kizembe. Plante, wakati huo mwenye miaka 42 na akiwa na wastani wa mabao 1.88 ya kufungwa kwa mchezo, bora kuliko wote katika ligi msimu huo, hakumwona kijana huyo kama mpinzani anayekuja kumnyang'anya nafasi. Alikaa naye, akamchambulia makosa, akamrekebisha namna ya kusimama na kusawazisha uzito wa mwili, na zaidi ya yote akamfundisha hesabu ya pembe.

Hesabu hiyo inaweza kuelezwa kwa mfano wa taa. Mtu akiweka kiganja karibu na ukuta, kivuli chake kitakuwa na ukubwa wa kiganja. Akikisogeza kuelekea taa, kivuli hukua mpaka kikafunika ukuta wote. Mshambuliaji mwenye paki ndiye taa, kipa ndiye kiganja, na lango ndio ukuta: kipa akibaki kwenye mstari wake, mpigaji huona nafasi nyingi pembeni mwake, lakini akisogea mbele meta moja au mbili, akiwa katikati kabisa ya mstari unaotoka kwenye paki hadi katikati ya lango, nafasi hizo hufungika bila yeye kurusha mkono. Ugumu uko katika kujua kiasi cha kusogea, kwa kuwa akitoka kupita kiasi pasi moja ya pembeni humwacha mbali na lango tupu. Kipa mwenye kipaji hulijua jambo hili kwa hisia, na hisia humtupa siku ambayo moyo umetetereka. Kipa aliyefundishwa sababu zake anaweza kujirekebisha katikati ya mchezo. Hiyo ndiyo zawadi aliyopewa Parent, ambaye mwenyewe alikiri baadaye kwamba alijifunza kwa Plante kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Aliporudi klabu yake ya zamani ya Philadelphia Flyers mwaka 1973, aliiongoza kutwaa Kombe la Stanley mara mbili mfululizo, 1974 na 1975, na mara zote mbili alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mtoano.

Mwaka 1972 Plante alitoa kitabu cha mafunzo ya ulinda lango, kimojawapo cha vitabu vya mwanzo kabisa vya aina hiyo. Mwaka huohuo lilitokea jambo linaloonyesha jinsi ualimu ulivyokuwa umemwingia damuni. Tarehe 2 Septemba, kabla ya mchezo wa kwanza kati ya nyota wa Kanada na timu ya Urusi ya Kisovieti jijini Montreal, Plante aliingia katika chumba cha wageni akiwa na mkalimani, akamwendea kipa wao Vladislav Tretiak, kijana wa miaka 20, na kumweleza kwa michoro namna kila mshambuliaji hatari wa Kanada anavyopiga: Mahovlich anayepiga kutoka popote, Cournoyer mwenye mbio, Esposito asiyepaswa kuachwa mbele ya lango. Kanada nzima iliamini kwamba wageni wangesagwa, na yaelekea Plante alimhurumia kijana aliyedhani anakwenda kuaibishwa. Urusi ya Kisovieti ilishinda 7–3. Wapo waliomlaumu, na lawama hiyo inaeleweka kwa upande wa uzalendo, lakini kwa upande wa fani haina msingi: Plante alimwona kipa mwenzake kabla ya kuiona bendera. Tretiak, aliyelisimulia tukio hilo kwa shukrani katika kumbukumbu zake, naye alikuja kuwa kocha wa makipa wa Chicago kuanzia mwaka 1990.

Si kila aina ya ukocha iliyomfaa. Katika msimu wa 1973–74 alikubali mkataba mnono wa miaka kumi kuwa kocha mkuu na meneja wa Quebec Nordiques, klabu ya ligi iliyokuwa ikishindana na NHL, timu ikashinda michezo 38, ikapoteza 36 na kutoka sare minne, ikakosa hatua ya mtoano, naye akajiuzulu baada ya msimu mmoja tu. Akarudi kucheza mwaka mmoja Edmonton, akiwa na umri wa miaka 46 ulipomalizika, kabla ya kustaafu kabisa mwaka 1975, mwaka aliofiwa na mwanawe mdogo. Kushindwa kwake Quebec kunaeleweka kirahisi. Kocha mkuu hutawala watu wapatao 20, huwabembeleza, huwakaripia na kuwapatanisha, ilhali Plante alikuwa mtu wa peke yake, aliyeishi kando ya wenzake hata katika miaka ya ushindi. Alichokijua kwa kina kilikuwa mtu mmoja anayekabili paki moja. Ndiyo maana makipa waliofanikiwa kuwa makocha wakuu ni wachache, na Patrick Roy, kipa aliyetwaa makombe manne na kisha mwaka 2014 akapewa tuzo ya kocha bora wa NHL akiwa Colorado, hubaki kuwa mfano wa pekee.

Mahali pake palikuwa pengine, katika kazi ambayo karibu haikuwepo. Tangu msimu wa 1977–78 Plante aliitumikia Philadelphia Flyers kama kocha wa makipa, cheo ambacho msomaji wa leo anakifahamu kutoka kwenye mabenchi ya klabu za soka lakini ambacho wakati ule kilionekana anasa, kwa kuwa makocha wengi walijua kumwambia kipa kwamba amefungwa, wasijue kumweleza kwa nini. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Pete Peeters, ambaye katika msimu wa 1979–80 alianza kwa kushinda michezo 22 na kutoka sare mitano bila kupoteza hata mmoja, wakati Flyers yenyewe ikijenga mfululizo wa michezo 35 bila kushindwa. Mwaka 1983, akiwa Boston, Peeters alitwaa tuzo ya Vezina. Parent naye, baada ya jeraha la jicho lililokatisha uchezaji wake mwaka 1979, alifuata nyayo za mwalimu wake, akawafundisha makipa wa Flyers, na mwanafunzi wake Pelle Lindbergh kutoka Uswidi akapata tuzo hiyohiyo mwaka 1985. Leo kila klabu ya NHL ina kocha wa makipa, na wengi wao ni watu waliowahi kusimama langoni.

Plante alihamia Uswisi, nchi ya mkewe, akawa anavuka bahari kwenda Amerika ya Kaskazini kufundisha. Aliingizwa katika Jumba la Umashuhuri la mchezo huo mwaka 1978, na jezi yake namba 1 ilistaafishwa na Montreal mwaka 1995, miaka tisa baada ya kifo chake. Alifariki dunia kwa saratani ya tumbo jijini Geneva tarehe 27 Februari 1986, akiwa na miaka 57, akazikwa Sierre. Siku ya maziko, jeneza lake lilipotolewa kanisani, lilipita chini ya tao la magongo yaliyoinuliwa na watoto wa timu moja kutoka Quebec, waliokuwa Uswisi kwa ajili ya mashindano.